Sentensi Isiyo na Mtenda: Safari ya Mikumi, Masanze na Lumuma

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya barua ya ukurasa mmoja. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono na mwalimu wa sekondari ya kata huko Masanze, wilaya ya Kilosa, aliyejitambulisha kwa jina la Zuhura. Ilielekezwa kwa kamati inayopitia upya mwongozo wa lugha ya kufundishia, na kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kamati hiyo, niliifungua mimi. Zuhura alieleza kwamba amepewa onyo la maandishi. Kosa lake ni kuwaruhusu wanafunzi wa kidato cha pili waandike insha za Jiografia kwa Kiswahili kwanza, kisha waziandike upya kwa Kiingereza. Alinukuu sentensi moja ya mwongozo: "Lugha nyingine inaweza kutumiwa darasani pale itakapoonekana kuwa inafaa." Chini yake aliuliza swali moja tu: "Ionekane na nani?"

Mimi ni mwalimu wa uandishi. Nimefundisha insha, barua na ripoti katika chuo cha ualimu kwa zaidi ya miaka ishirini. Sentensi ile niliiandika mimi.

Nilikumbuka vizuri ilivyozaliwa. Wajumbe walikuwa wamebishana mchana wa siku mbili, hawa wakitaka Kiswahili kiingie sekondari, hawa wakitaka Kiingereza kisiguswe. Mwenyekiti alinigeukia akasema, "Mwalimu Remi, wewe ndiye mwenye kalamu. Tutafutie maneno." Niliwatafutia. Niliandika sentensi ambayo kila upande ungeweza kwenda nayo nyumbani ukaridhika. Nilipongezwa, tukanywa chai, tukaachana kwa amani. Tangu siku hiyo sikuwahi kuifikiria tena mpaka barua ya Zuhura ilipofika. Kamati ilikuwa inakutana wiki mbili baadaye kupitisha toleo jipya, na sentensi ile ilikuwa bado imo. Niliomba ruhusa ya kwenda kuwasikiliza walimu wa Kilosa. Sikusema kwa nini nimechagua Kilosa.

Siku ya kwanza, asubuhi, nilipanda basi la Iringa. Ulikuwa mwezi wa saba, nyasi za hifadhi ya Mikumi zimekauka, na basi lilipoingia hifadhini lilipunguza mwendo kama sheria inavyotaka. Swala walisimama karibu na lami wakitutazama. Abiria wengi hawakuinua macho kutoka kwenye simu zao. Niliteremka Mikumi kabla ya saa sita.

Mikumi ni mji unaoishi kwa barabara. Malori yanayokwenda mpakani yalikuwa yamepangana pande zote mbili, madereva wanakula, mafundi wako chini ya magurudumu. Mwalimu Festo, anayefundisha Kiingereza katika sekondari moja ya hapo, alikuwa ananisubiri kwenye mgahawa ulio mkabala na kituo. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi vizuri, kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Nzuri. Karibu Mikumi. Tule kwanza, maneno hayaharibiki."

Tuliagiza wali na maharage. Alipomaliza kula nilimuuliza anaonaje lugha ya kufundishia, hasa katika uandishi. Hakuhitaji muda wa kufikiri.

"Mwalimu, ninyi mnaokaa kwenye kamati mnapenda kutuhurumia. Mnasema mtoto wa kijijini hajui Kiingereza, basi tumpunguzie. Mtoto wa mkubwa hapunguziwi. Yeye anakisoma tangu chekechea, kwa ada. Mkishapunguza, wangu ndio watakaopungukiwa."

"Hutaki Kiswahili kabisa?"

"Nakitaka sana. Nakitumia. Lakini mtihani wa mwisho una lugha yake. Mwanafunzi wangu akiingia chumba cha mtihani na Kiswahili kitupu, hakuna mjumbe wa kamati atakayekaa pembeni yake amtafsirie."

Nilimsomea ile sentensi. Akacheka kidogo.

"Hiyo? Hiyo naipenda. Mkuu wangu anaisoma anavyotaka, mimi naisoma ninavyotaka. Hatujawahi kugombana."

Alisema hivyo kwa wema, kama mtu anayesifu kazi ya fundi asiyemjua. Nilinywa maji nikaandika maneno yake kwenye daftari. Sikumwambia fundi ni nani.

Siku ya pili, saa moja asubuhi, nilichukua bodaboda kuelekea Masanze kwa njia ya Kilosa. Dereva wangu alikuwa mtu mzima asiyependa mazungumzo. Tulipita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamelazwa, na vipande vya ufuta uliokatwa na kusimamishwa ukauke. Vumbi lilikuwa jingi. Nilipofika shuleni nilijikung'uta kwanza nje ya ofisi, kisha nikasaini kitabu cha wageni. Jina la shule sitalitaja, kwa kuwa lililotokea pale lingeweza kutokea popote mwongozo ule ulipofika.

Mkuu wa shule alinipokea vizuri. Ni mtu mpole, sauti yake ya chini, na nilipotaja jina la Zuhura aliinuka akafunga mlango.

"Sina ugomvi na Zuhura," alisema. "Ni mwalimu hodari. Lakini alikuja mtu wa ukaguzi, akakuta madaftari ya Jiografia yamejaa Kiswahili. Akaniuliza nani ameona kuwa inafaa. Nikamwambia mwalimu. Akaniuliza, mwongozo unasema mwalimu? Nikausoma. Hausemi. Akaniuliza, unasema mkuu wa shule? Hausemi vilevile. Sasa mimi ningefanya nini? Niliandika onyo nikaokoa shule."

"Na akiendelea?"

"Hawezi kuendelea. Kidato cha pili nimempa mwalimu mwingine. Yeye yuko maktaba."

Maktaba ilikuwa chumba kidogo nyuma ya jengo la utawala, rafu tatu na meza. Zuhura alikuwa anapiga mihuri kwenye vitabu. Ni mwanamke wa makamo, mtandio wa kijani, miwani imeshuka puani. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu. Sikutegemea mtu aje. Nilitegemea barua."

"Marahaba. Nimeona nije mwenyewe."

Hakupoteza muda. Alitoa kwenye droo madaftari mawili ya mwanafunzi mmoja, msichana anayeitwa Mwajuma. La kwanza lilikuwa la muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza. Swali lilitaka aeleze kwa Kiingereza sababu za mafuriko. Mwajuma alikuwa amenakili swali lenyewe, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka nafasi ya jibu ikajaa. Ukurasa uliofuata ulikuwa hivyo hivyo.

"Alifanya hivyo mihula miwili," alisema Zuhura. "Hakuwa mvivu. Mvivu huacha wazi. Huyu alikuwa anaona aibu kuacha wazi."

Kisha akafungua daftari la pili. Hapa Mwajuma alikuwa ameandika kwa Kiswahili kurasa mbili kuhusu maji yalivyoingia shambani kwao. Alieleza mto ulivyojaa mchanga miaka iliyotangulia mpaka hauwezi tena kubeba maji mengi, na miti ya kingo ilivyokatwa kwa mkaa. Alieleza baba yake alivyojua usiku ule kwamba maji yanakuja, kwa kusikia vyura wamenyamaza. Upande wa kulia, kwa mwandiko uleule, kulikuwa na Kiingereza chake: aya moja fupi, yenye makosa, lakini yake. Wiki tatu baadaye aya zilikuwa mbili. Baada ya hapo tatu.

"Na sasa?" niliuliza.

Alifunua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Ulikuwa wa juma lililopita, chini ya mwalimu mpya. Mwajuma alikuwa amenakili swali mara nne.

Nilikaa kwenye kiti cha wanafunzi. Nje, darasa fulani lilikuwa linakariri kitu kwa pamoja. Nilijua kwamba nisiposema pale, sitasema popote.

"Madamu Zuhura, ile sentensi niliiandika mimi."

Aliweka muhuri mezani. "Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Kamati ilikubali, lakini maneno ni yangu."

"Ulipoiandika, ulimaanisha aone nani?"

"Sikumaanisha mtu yeyote. Nilitaka ugomvi uishe."

Hakupandisha sauti. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Basi ni afadhali ungeandika mwalimu asiruhusiwe. Ningejua pa kusimama. Ningekataa, au ningetii. Hapa sikukataa wala sikutii, na onyo nimepata."

Nilimwambia nitaandika barua kwa mkuu wa shule kueleza nia ya kamati. Alitikisa kichwa.

"Barua itanitoa mimi hapa maktaba. Na mwalimu wa kata nyingine? Mwongozo umefika kote. Badilisha sentensi."

"Niibadilishe iweje?"

"Mimi nina hasira nayo, sitaipatia vizuri. Nenda Lumuma kwa Damari. Tulisoma pamoja chuo. Anafundisha msingi, darasani kwake kuna watoto wa lugha tatu. Yeye hilo la lugha gani na saa ngapi analiamua kila siku."

Jioni ile nililala mjini Kilosa. Nilijaribu kuandika sentensi mpya kwenye daftari, nikaandika saba. Zote zilianza na kitu kinachotumiwa, kinachoruhusiwa au kinachozingatiwa. Mkono umezoea.

Siku ya tatu, alfajiri, nilipata gari la abiria linalopanda milimani. Safari ilichukua sehemu kubwa ya siku, kwa sababu tulisimama kila kijiji kupakia na kupakua. Kadiri tulivyopanda, hewa ilipoa na watu wakaanza kuvaa masweta. Lumuma ilipotokea niliona kwanza mashamba ya vitunguu, kijani kibichi kando ya mifereji, na vingine vilivyokwisha kung'olewa vimetandazwa juani. Harufu yake ilituingia garini.

Damari alinipokea kwake, nyumba ya matofali ya kuchoma karibu na kanisa. Mama mkwe wake alinisalimu kwa Kisagara, lugha ya wenyeji wa huko, nikamwamkia shikamoo kwa Kiswahili, akaitikia marahaba kisha akaendelea na Kisagara chake kana kwamba nimezaliwa pale. Damari alisali, tukala ugali na mboga za majani. Alisubiri mpaka mama mkwe alipoondoka na vyombo.

"Zuhura alinipigia simu," alisema. "Kwa hiyo ni wewe uliyeiandika."

"Ndiyo."

"Kesho asubuhi nina kipindi cha Kiswahili darasa la sita. Tuko kwenye kauli ya kutendwa. Njoo ukae nyuma."

Siku ya nne, saa mbili na nusu, nilikaa dawati la mwisho. Darasa liliinuka, "Shikamoo Mwalimu," likaketi. Kulikuwa na watoto wa wakulima wa milimani, wa waliopanda kutoka tambarare, na wachache wa familia za wafugaji ambao Kiswahili walikijulia shuleni. Damari aliandika ubaoni: "Kitunguu kimeng'olewa." Akauliza nani kang'oa. Mikono ikainuka: baba, shangazi, sisi wenyewe Jumamosi.

"Mnajua kwa sababu mlikuwepo. Aliyesoma tu hii sentensi atajua?"

"Hapana," walisema.

Kisha akafuta, akaandika sentensi yangu. Aliiandika yote kwa mwandiko mzuri, na ilipojaa ubao niliona jinsi ilivyo ndefu.

"Hii inahusu shule," alisema. "Someni kimya. Halafu mniambie, nani anayeona kuwa inafaa?"

Walisoma. Mvulana mmoja alisema ni serikali. Mwingine alisema ni mwalimu mkuu. Msichana wa mstari wa mbele akasema ni mwanafunzi, wakacheka. Damari alimwambia kila mmoja aonyeshe neno ubaoni linalothibitisha jibu lake. Walikuja mmoja mmoja, wakagusa ubao hapa na pale, wakarudi. Mwisho aliinuka Nasieku, binti wa familia ya wafugaji, mrefu kuliko wenzake. Aliisoma tena kwa sauti, polepole, akiweka kidole chini ya kila neno.

"Hajaandikwa, Mwalimu."

"Una hakika?"

"Ndiyo. Nimemtafuta. Aliyeandika hii alimficha, au hakuwa naye."

Damari hakunitazama. Alisema, "Kaa, vizuri. Sasa tumwandike." Na kwa nusu saa iliyobaki darasa la sita la Lumuma lilitengeneza sentensi ya kamati yetu. Walianza na "Mwalimu." Mtoto mmoja aliuliza, je, mwalimu akiamua vibaya? Wakajadili. Walikubaliana kwamba mwalimu aandike mahali kwa nini ameamua hivyo, ili mtu akija aone. Damari akawapa neno: andalio la somo, yaani karatasi ambayo mwalimu hupangia kipindi chake kabla ya kuingia darasani.

Wakati wa mapumziko tulisimama nje. Nilimwambia kwamba nimefundisha kauli ya kutendwa kwa walimu watarajiwa, na hakuna aliyewahi kuniambia lile alilosema Nasieku.

"Wanachuo wako wanataka maksi," alisema Damari. "Nasieku alikuwa anataka kuelewa. Akifika nyumbani babaye humuuliza shule wamesema nini, na yeye ndiye anayemtafsiria barua zote. Asipompata mtenda, baba yake hajui aende kwa nani."

Siku ya tano nilishuka Kilosa. Niliwahi treni ya umeme ya jioni, na nikiwa kituoni nilimpigia Festo simu Mikumi. Nilimsomea sentensi ya darasa la sita. Mara hii nilimwambia pia kwamba ile ya zamani, aliyoipenda, ilikuwa yangu.

"Pole," alisema. "Sasa sikiliza. Mwalimu kuamua, sawa. Kuandika sababu, sawa. Lakini ukiishia hapo, mwalimu asiyejua Kiingereza ataamua Kiswahili mwaka mzima na sababu ataandika nzuri tu. Ongeza kwamba maandishi ya mwisho yawe kwa lugha ya mtihani."

"Hilo Zuhura alikuwa analifanya tayari."

"Basi mimi na huyo madamu hatujagombana. Ongeza."

Ndani ya treni niliandika kwa penseli: "Mwalimu wa somo anaweza kuwaruhusu wanafunzi waandike rasimu ya kwanza kwa lugha wanayoimudu zaidi. Ataandika sababu katika andalio la somo, na wanafunzi wataandika rasimu ya mwisho kwa lugha ya mtihani." Haikuwa sentensi ya kupendeza sikioni. Kila nilipotaka kuipamba, mtenda alitoweka ndani yake. Niliiacha.

Wiki iliyofuata kamati ilikutana Morogoro. Nilipofika kwenye kipengele kile niliomba kukiondoa. Mwenyekiti alishangaa. "Mwalimu Remi, hicho ndicho kipengele kilichotupatanisha."

"Kilitupatanisha sisi," nilisema. "Shuleni kimegombanisha. Kuna mwalimu amepewa onyo kwa sababu yake, na mkuu wake hakuwa na kosa." Nikawaeleza niliyoyaona, bila kuongeza. Nikawasomea maneno ya Nasieku kama alivyoyasema.

Ubishi wa zamani ulirudi wote, kama nilivyokuwa nauogopa. Ulichukua mchana mzima, na mara hii sikuwatafutia maneno ya kuumaliza. Mjumbe mmoja alisema tunawapa walimu mamlaka makubwa mno. Mwingine akasema tayari wanayo, ila tunawaachia na lawama yake bila kukiri. Mwishowe walipitisha sentensi mpya kwa nyongeza moja: mwalimu amjulishe mkuu wa shule. Sikuipenda nyongeza hiyo, lakini ilikuwa na mtenda.

Mwongozo mpya ulifika shuleni mwaka uliofuata. Onyo la Zuhura halikufutwa. Lilibaki kwenye jalada, mkuu wa shule akaambatisha nakala ya sentensi mpya na maelezo yake mwenyewe kwa mkono, na akamrudishia kidato cha pili. Festo aliniandikia kwamba anaitumia, na kwamba mkuu wake sasa anagombana naye kila wiki, jambo analoliona ni maendeleo.

Mwajuma alifanya mtihani wa kidato cha pili kabla mabadiliko hayajafika. Hakufaulu, akarudia darasa. Zuhura ndiye aliyenijulisha, kwa ujumbe mfupi wa simu, bila lawama. Aliongeza tu kwamba msichana yumo darasani kwake tena, na anaandika.

Nilikuwa nikiamini kwamba sera ya lugha hutungwa na wakubwa na walimu wa uandishi huitwa mwishoni kunyoosha maneno. Nimejifunza kwamba katika kunyoosha huko ndiko inakoamuliwa nani atawajibika, na mwenye kalamu akikwepa kuamua, mwalimu wa kata na mwanafunzi wake huamuliwa na yeyote anayepita. Mwaka alioupoteza Mwajuma haukutokana na Kiswahili wala Kiingereza. Ulitokana na maneno tisa niliyoyaandika mchana mmoja, nikiwa nimechoka, nikitaka watu wazima waache kubishana.